Wimbo wa Marehemu Ndani ya Linux

Juzi hapa Rumonge nilikuwa kwenye foleni ya fotokopi, mama mmoja akafungua kitenge na kutoa kompyuta na flashi. Marehemu mume wake, mwalimu wa kwaya, alikuwa ameacha nyimbo zake kwenye flashi hiyo, pamoja na programu ya zamani ya Windows aliyoziandikia. Sasa kompyuta imewekewa Linux badala ya Windows, na programu imegoma.

Dada wa fotokopi alikuna kichwa. “Mama, na mimi ninajifunza tu. Lakini kuko kaprogramu kanaitwa Wine. Kanakaa katikati, kanadanganya ile ya Windows ati iko kwao.”

Akakaweka, akabofya. Ikatoka alama ya kosa. Akabofya tena, safari hii na bismillahi. Nota zikajipanga kwenye skrini, na kompyuta ikaanza kupiga wimbo kwa sauti nyembamba kama filimbi.

Mama akasimama wima, akaimba sauti ya pili. Nyuma yangu mzee mmoja akashika besi. Kumbe walikuwa kambi moja ya wakimbizi kule Tanzania. Dada akazima mashine ya fotokopi. Hakuna aliyelalamika, na sisi watu wa foleni za Rumonge kulalamika tunakujua.

Wimbo ulipoisha, mama alijifuta macho.

“Umesema inadanganywa ati iko kwao?”

“Ndiyo, mama.”

“Basi usiicheke. Huu wimbo, kule kambini, tulikuwa tunauimba macho tumefunga, tujione tuko Rumonge.”