Paka wa Sebuleni Kinampanda

Sikulazimishi uamini. Ila haya sikuhadithiwa, niliyaona kwa macho yangu kule Kinampanda, jua likiwa bado halijazama, na pombe mimi sinywi.

Nilikuwa nimehamia kufundisha, nikapewa vyumba viwili katika nyumba ya zamani ya wamisionari. Sebuleni waliacha picha kubwa ya rangi iliyofifia: meza, limau lililokatwa, sufuria ya shaba, samaki kwenye sahani, na paka wa kijivu aliyenyoosha mguu kumgusa yule samaki. Masikio kayalaza nyuma, kama anayejua atapigwa. Nilikuwa nikipita namwonea huruma. Miaka yote hiyo samaki yuko mbele yake, na hajala!

Mama nilimleta kutoka Sekenke tulipomaliza kumzika mdogo wangu Elia, aliyefukiwa na kifusi shimoni akichimba dhahabu. Mama aliacha kula. Ukimwekea ugali anakwambia, "Nitakula kesho, mwanangu." Alibaki mifupa. Nilishaanza kuwaza msiba wa pili.

Jioni moja nikamwekea ugali na perege pale sebuleni, nikarudi jikoni kuchochea moto. Nikamsikia anaongea Kinyiramba, kwa ile sauti aliyombembelezea Elia utotoni: "Kula, baba. Hapa hakuna wa kukupiga."

Mgeni gani huyo aliyeingia bila hodi? Nikachungulia.

Paka wa kijivu alikuwa mapajani mwake, anakula. Na mama, niamini, naye alikuwa anakula. Tonge kwake, kipande cha samaki kwa paka. Sisi hatukufuga paka. Nikainua macho ukutani. Meza ipo, limau lipo, samaki yupo. Pale pa paka palikuwa na rangi ya kahawia tupu, kama vile hakuwahi kuchorwa.

Mama hata hakushtuka.

"Umesimama nini? Tuletee samaki mwingine."

Wewe ungefanyaje? Mimi nilikwenda kuleta samaki.

Niliporudi, mama alikuwa peke yake, analamba vidole. Paka yuko ukutani, mahali pake. Ila masikio yalikuwa yamesimama.

Tangu siku ile mama anakula. Mwili umemrudia, analima mchicha wake nyuma ya nyumba. Nilimuuliza mara moja tu, yule alikuwa nani?

"Sijui," akanijibu. "Nilimwona ana njaa kuliko mimi."

Mwalimu mwenzangu alinishauri niichome picha, nikakataa. Lakini sebuleni sili tena. Chakula hakishuki, nahisi natazamwa na mtu ambaye hajakaribishwa.

Kwa hiyo ukihamia nyumba ya watu wa zamani, usikimbilie kupaka chokaa na kutupa walivyoacha. Na siku ukimsikia mgonjwa wako anaongea na mtu usiyemjua, usiingie kwa kelele. Simama kwanza mlangoni, usikilize anamwambia nini.