Mbwa wa Pua Fupi Aliyesimamisha Msafara

Ijumaa iliyopita msafara uliingia Kasongo kutoka Kabambare na kiumbe ambacho sijawahi kukiona: mbwa mfupi, kifua kama pipa, uso makunyanzi matupu, pua imebonyea ndani.

"Aka! Huyu iko mbwa ao nguruwe?" akauliza muuza ndizi.

Mbwa huyo alikuwa zawadi ya kupelekewa mkubwa mmoja wa Nyangwe. Wapagazi walikuwa hoi, mabega yamechubuka, na jua la adhuhuri linawaka. Nikamwambia tajiri wao, "Bwana, waache wapumzike mpaka jua lipoe."

"Binti, mambo ya msafara hayakuhusu. Haya, inukeni!"

Wakainuka. Mbwa akalala.

Wakamvuta kamba, shingo ikarefuka, mwili haukusogea. Wakamfokea, akakoroma. Tajiri mwenyewe alikuwa ametawadha kwa ajili ya sala, akaogopa mate ya mbwa yasimtie najisi. Akainama kwa mbali, akasikiliza ile pua ikihangaika, uso wake ukalainika.

"Maskini, pumzi imemwishia. Tueni mizigo, apumzike. Wewe, mupanguse uso."

Mpagazi mmoja akapiga magoti, akalowesha ncha ya nguo yake, akayafuta yale makunyanzi taratibu, moja baada ya jingine. Nikamsikia akinong'ona, "Asante, ndugu yangu."

Hoja yangu ya haki haikumtua mtu hata mzigo mmoja. Mnyama yule alilaza tumbo chini tu, msafara mzima ukapata mapumziko. Kumbe tajiri anajua kwamba pumzi huisha. Ila anaisikia kwa mbwa tu.