Chumba cha Mama na Mbwa wa Bosi

Nisiambiwe kwamba mbwa hakuwa na kosa. Najua hakuwa nalo. Mwenye kosa alikuwa mume wangu, na mpaka leo nikikumbuka, hasira inanipanda upya.

Nilikuwa nimejifungua kwa kupasuliwa. Hospitalini waliniambia nisiinue ndoo, nisiiname, nitafute mtu wa kunisaidia. Mtu huyo ni nani kama si mama? Nikampelekea ujumbe Ukambani, naye akasema atakuja. Pale Jamhuri, Nairobi, tulikuwa na nyumba ndogo, na uani kulikuwa na chumba kimoja kilichojitenga, chenye paa lake na mlango wake. Hicho ndicho kilichomfaa. Kwetu mama halali chini ya paa moja na mkwe wake. Hata kukutana uso kwa uso ni aibu. Kwa kina mume wangu, kule magharibi, mambo ni makali zaidi. Basi tulikubaliana kukihesabu kile chumba kuwa nyumba nyingine.

Halafu bosi wa mume wangu, Mzungu, akaenda likizo Ulaya na kumwachia mbwa wake. Kambwa keupe, kanaenea kwenye kikapu cha sokoni, na kazi yake ni kujikuna. Alijilamba nyayo mpaka zikawa nyekundu, tumbo likajaa vipele. Mimi nilisema ni viroboto. Mume wangu akampeleka kwa daktari wa mifugo, akarudi amekuwa mwalimu. Ni aleji, akasema. Mwili wake unakataa majani, vumbi, na ule unga wa maua unaopeperuka baada ya mvua. Haiponi kabisa, inatunzwa tu. Akitoka nje apanguswe miguu na tumbo kwa kitambaa kibichi. Aogeshwe kwa sabuni yake mwenyewe, isuuzwe mpaka iishe. Matandiko yafuliwe kwa maji moto. Asipitishwe kwenye nyasi zinazokatwa.

Nani wa kufanya yote hayo? Mimi, na mshono tumboni. Nepi za mtoto zilingoja sufuria mpaka taulo za mbwa zitoke. Jirani yangu alinichungulia juu ya ua.

"Mama Mtoto, hiyo mbwa inaoga kushinda bwana yangu. Hebu uliza kama bosi anachukua na watu."

Sikucheka.

Na ule utunzaji ulifaa, hilo sitalificha. Kujikuna kulipungua. Ndipo mume wangu akaamua mbwa ahamie chumba cha uani, kwa sababu sakafu ni simiti tupu, hakuna zulia wala viti vya kitambaa vya kushika vumbi.

"Na mama atalala wapi?" nikamwuliza.

"Humo humo. Mbwa mwenyewe ni mdogo."

"Mama yangu alale na mbwa."

"Mama Mtoto, usimwone mbwa hapo. Hicho ni cheo changu."

Mama alifika asubuhi. Alizunguka nyumba kwa nyuma, kama inavyopasa, akasimama uani na kikapu chake. Ndani yake kulikuwa na kuku wa supu yangu ya uzazi, amefungwa miguu, amelazwa juu ya majani makavu. Mume wangu alikuwa sebuleni akifunga tai. Kutoka nje kumkabili mkwewe hakuweza, kwa hiyo alisema na mimi, ila kwa sauti ya kuvuka ukuta.

"Mwambie mama, kwa heshima, hayo majani yasiingie mle chumbani. Asifagie kwa ufagio mkavu, apanguse tu. Na blanketi lake, kama lilikaa ghalani, libaki nje."

Akatoka kwa mlango wa mbele, akaenda kazini.

Mama alikuwa amesikia yote. Alisukuma mlango wa kile chumba, akamwona mbwa amejikunja juu ya taulo niliyoifua jana yake.

"Mwanangu, kumbe mna mgeni," akasema. "Basi mimi nitarudi. Gari la jioni halijajaa."

Hakukasirika. Angekasirika ningestahimili. Akaanza kukifunga kikapu upya.

Nilimnyonyesha mtoto, nikamweka mikononi mwa mama. "Mama, kaa. Nakuja." Kisha nikamtia mbwa kwenye kikapu changu, pamoja na taulo yake na sabuni yake, nikapanda basi la Ngong Road mpaka mjini.

Ofisi yao ilikuwa ghorofani. Nilipanda ngazi nimeshika tumbo. Mashine za chapa zilinyamaza moja baada ya nyingine. Nikaweka kikapu juu ya mafaili ya mume wangu.

"Bwana mkubwa, umeletewa chakula," karani mmoja akasema.

"Lakini hakijaiva," mwingine akaongeza.

Mume wangu aliinama. "Mama Mtoto, tutaongea nyumbani."

"Nyumbani hakuna nafasi. Mama yangu amefika."

"Bosi akirudi amkute anajikuna?"

"Mpanguse miguu. Wewe ndiye uliyefundishwa na daktari."

Nikashuka.

Mama alikaa mpaka mtoto akakaza shingo. Mbwa alilala sebuleni, miguuni pa mume wangu. Taulo mume wangu alizifua mwenyewe, bombani uani, mchana, majirani wakimtazama. Na kila mara alilazimika kukohoa kwanza, angoje mama aingie chumbani na kufunga mlango. Mimi niliketi dirishani na mtoto, nikamsikiliza akikamua. Sikumwambia pole.