Meno ya Nailoni

Katikati ya miaka ya tisini niliachika, nikarudi nyumbani Voi. Ami yangu, mdogo wa marehemu baba, akanipa chumba cha mbele cha nyumba yake nifungue duka la taipu. Nilikuwa na kompyuta moja kuukuu, printa na mashine ya fotokopi. Masharti yake yalikuwa matatu: nijisitiri, nifanye kazi yangu, na nisimletee maneno ya watu. Mawili ya kwanza niliyaweza.

Siku moja akaingia mama mmoja kutoka Mghange, kule milimani, amejitanda shali zito ingawa jua la Voi lilikuwa linachoma. Hakutaka taipu. Alisikia zamani kwamba baba yangu alikuwa fundi wa redio na vitu vidogo vidogo, akadhani bado yupo. Alifungua fundo la leso, akatoa gia ndogo ya plastiki. Meno yake yalikuwa yamelika kama kisigino cha ndala.

"Hii ni ya mashine yangu ya kufuma," akasema. "Nafuma sweta za shule. Nimeuliza Mombasa, nimeuliza Nairobi, wananiambia hiyo spea iliisha, ninunue mashine ingine. Sasa hao watoto wavae nini? Nyinyi wa huku chini baridi ya Mghange hamuijui."

Nilimwambia kwamba baba alifariki. Akanipa pole, akaanza kufunga tena fundo la leso. Kwa nini nilisema nilichosema, hata leo sijui.

"Niachie, mama. Nitaitengeneza."

Nilichukua kipande cha nailoni ngumu, ile mafundi wa malori wanayochongea bushi, nikakaa nacho na msumeno na tupa. Jino moja lilitoka nene, la pili jembamba, la tatu limeinama. Nikachonga gia nyingine, ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Nilikuwa nimeitupa pembeni kwa hasira huku printa inachapa barua ya mteja. Nikaitazama ile printa. Kichwa chake kilikwenda kushoto na kulia, karatasi ikapanda, na kila nukta ikaangukia pale pale ilipotakiwa. Nikajiuliza: kompyuta inayoweza kusogeza karatasi hivi, itashindwaje kusogeza nailoni chini ya drili ya marehemu baba?

Nikatafuta printa mbovu nikazing'oa mota. Mota hizo hazikimbii ovyo kama za feni. Ukiziamuru hatua moja, zinakwenda moja. Kila mota niliifunga kwenye boliti ndefu ya hadweya. Boliti ikizunguka, nati inasogea, na nati inasukuma kimeza. Kimeza kimoja kilikwenda kushoto na kulia, kingine mbele na nyuma, na drili ikashuka na kupanda juu yake. Programu niliandika mwenyewe, kwa ile lugha ya kompyuta, Basic, niliyofundishwa chuoni Mombasa, na waya nikazipitisha kwenye tundu la printa nyuma ya kompyuta.

Nilichoma transista za kuendeshea mota mpaka chumba kikanuka. Mara ya kwanza kimeza kilikwenda upande nisioutaka, kikavunja kisu cha drili. Nilipofika kukata duara, lilianza vizuri lakini likakataa kufunga. Mwisho wake haukukutana na mwanzo. Nilisoma programu yangu mstari kwa mstari, na kosa halikuwa humo. Nati ilikuwa inacheza kwenye boliti. Kila kimeza kilipogeuka kurudi, boliti ilizunguka bure kidogo kabla ya kuishika nati. Nikatia nati ya pili na springi katikati, zisukumane. Duara likafunga, nami nikapiga kigelegele peke yangu.

Kigelegele hicho ndicho kilichomleta ami.

"Kuna harusi humu?" Akaangalia chenga za nailoni sakafuni, kisha ile mashine. "Mtoto wa kike na drili wapi na wapi? Nilikupa chumba upige taipu. Ondoa takataka hii."

"Haitoki, ami."

"Waniambia mimi hivyo?"

"Nakwambia kwa heshima. Lakini haitoki."

Siku ya kukata gia yenyewe mama wa Mghange alikuwepo, ameketi kwenye benchi la wateja. Tulianza asubuhi mapema, maana jirani akiwasha mashine yake ya kuchomelea, stima inayumba na kompyuta inazima. Meno yakawa yanatoka moja baada ya jingine, yote ndugu wa tumbo moja. Yalipobaki machache, ami akaingia. Hakutoa salamu. Akachomoa plagi ukutani.

Kompyuta ikikatikiwa na stima husahau ilipofikia. Kipande kile kilikuwa kimeharibika, na ami alijua, kwa sababu aliniangalia usoni.

"Mzee," mama akasema polepole, "hiyo umezima ni sweta za watoto."

Nilikwenda nikaichukua plagi mkononi mwake. Hakuishikilia. Nikaichomeka, nikafunga kipande kipya, nikaanza tena jino la kwanza, yeye amesimama pale pale. Alisimama mpaka jino la mwisho, akatoka.

Wiki iliyofuata mama aliteremka tena, amemleta mwenzake. "Ile gia inakimbia kuliko ile ya kwanza," akasema. "Na huyu naye mashine yake imekufa."

Ami akanitumia mtu aniambie nichague, chumba au mashine. Nilihamisha kila kitu kwa mkokoteni, mchana kweupe, nikipita mbele ya baraza yake.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba," akajibu, akitazama barabarani.

Nikapanga chumba karibu na gereji za malori, nikaita mchoraji aniandikie ukutani. Aliandika taipu, akaandika fotokopi. Nikamwambia aongeze: Tunakata meno ya mashine.

Akashusha brashi. "Dada, watu watafikiri wewe ni daktari wa meno."

"Andika."

"Na hiyo 'tunakata', kwani mko wangapi?"

"Andika tu."

Akaandika, kwa rangi nyekundu. Kabla haijakauka, dereva mmoja wa lori akaingia ameshika shavu.