Jibu Lililoletwa Nakivale

Pélagie alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja hata siku moja: mtu akikuambia anakuja, unamngojea mpaka aje, au mpaka atume neno kwamba haji. Hukuti mlango wake umefungwa siku aliyoahidiwa mgeni. Humkuti akimwahidi mtu wa pili jambo ambalo wa kwanza bado hajalijibu.

Alizaliwa upande wa Fizi, Kivu Kusini, na sasa ana miaka arobaini na sita, kumi na mmoja kati ya hiyo ameishi Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Ni mpishi. Harusi ikiwa kubwa katika kijiji chao cha kambi, sufuria zinamwendea yeye. Hivyo iliposikika kwamba hosteli moja ya wanafunzi kule Kakiika, Mbarara, inatafuta mpishi, mumewe Anselme alimwambia aende, naye akaenda.

Waliofika kuhojiwa walikuwa wanawake sita. Mwenye hosteli, mama mmoja aitwaye Lillian, alizungumza Kiingereza na Kinyankore tu, kwa hiyo maswali aliyatafsiri msimamizi wake, Eriya, sajini mstaafu mwenye Kiswahili cha jeshini. Pélagie alijibu yote. Alieleza jinsi ya kupikia watu mia mbili bila wali kushika chini. Akajaza fomu, akaandika kijiji chake, namba ya nyumba na ya simu. Mwishowe Lillian akasema maneno machache, na Eriya akayatafsiri hivi:

"Mama, madam anasema asante. Sisi tutarudi kwako Ijumaa."

Kiingereza husema "kurudi kwa mtu" pale ambapo sisi tunasema kumpa jibu. Eriya alilibeba neno kama lilivyo na kulishusha katika Kiswahili bila kulikagua. Pélagie alisikia alichoambiwa: wakubwa hawa watakuja nyumbani kwake siku ya Ijumaa.

Aliuliza, "Kwangu munafahamu?"

"Adresi iko kwa fomu," Eriya akajibu.

Asionekane mjinga. Mtu aliyeishi kambini anajua kwamba maofisa huja nyumbani kweli. Wanahesabu watu, wanatazama paa, wanauliza nani analala wapi. Mwajiri kuja kuona mpishi wake anaishi katika usafi gani lilikuwa jambo la akili, na kwa maoni ya Pélagie lilistahili sifa.

Alhamisi alisiriba ukuta wa mbele kwa udongo mpya. Ijumaa aliazima viti vinne vya plastiki kanisani, akachinja kuku, akatwanga majani ya muhogo ya sombe, akaosha samaki wa ziwani. Jirani yake Sonia alikuja na kusimama uani, mikono kiunoni.

"Mama Gradi, unaoza mutoto leo?"

"Bakubwa ba Mbarara banakuya."

"Kufanya nini?"

"Kuniletea jibu la kazi."

Sonia akacheka mpaka akashika mti wa kamba ya nguo. "Jibu linaletwaka na simu, dada!"

"Basi bangesema batapiga simu. Balisema batarudi kwangu. Niko na masikio mbili, na yote inasikia."

Saa sita ikapita, saa nane ikapita. Anselme, ambaye hakuwa amekula tangu asubuhi, alizunguka jiko kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

"Tuonje kidogo tu," akasema, "tuone kama chumvi inatosha."

"Chumvi inatosha."

"Na kama inazidi? Bageni batasema nini?"

"Bageni batasema wenyewe wakifika. Ikala chini."

Saa kumi na moja viti vikarudi kanisani, na familia ikala kuku wa wageni. Anselme alikula bila huzuni hata kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya heshima kama wakubwa hao hawakuahidi kukosa na Jumamosi pia. Pélagie mwenyewe alicheka. Lakini alipomaliza kucheka alisema neno ambalo halikumwingia mwajiri yeyote akilini wiki ile: huenda watu wale wamepata ajali njiani.

Jumatatu alikwenda Mbarara kuwajulia hali. Alimkuta Eriya langoni akihesabu mikungu ya matoke inayoshushwa, na Faizo, kijana wa bodaboda, amekaa juu ya pikipiki yake kando.

"Afande, pole na ajali."

"Ajali gani, mama?"

"Yenye mulipata Ijumaa. Nilingoja mpaka saa kumi na moja, nikasema, batu wazima hawawezi kunyamaza bure. Kuko mutu aliumia?"

Eriya alimtazama, akakumbuka, na uso ukamshuka. Akaeleza kwamba ile ilikuwa namna ya kusema tu, kwamba Kizungu kinasema hivyo.

"Kwa hiyo ile kurudi haikuwa kurudi?"

"Si kurudi na miguu, mama."

"Ni kurudi na nini?"

"Na simu."

"Na simu mulipiga?"

"Hapana."

"Basi hamukurudi na miguu, na simu pia hamukurudi."

Faizo akapiga honi ya pikipiki kwa furaha. "Sajini! Leo umekamatwa bila bunduki!"

"Wewe nyamaza," Eriya akasema.

"Miye sikuje kugombana," Pélagie akaendelea kwa upole. "Niambie tu. Nilipata kazi, ao sikupata?"

Hapa ndipo Eriya alipokosea kweli, maana kosa la tafsiri linasameheka. Alijua kwamba Olivia, msichana wa Ruharo, alikuwa jikoni tangu Alhamisi. Neno "hapana" lilikuwa mdomoni mwake. Mtu aliyetumikia jeshi miaka ishirini na miwili alilitazama neno hilo fupi akaliogopa.

"Madam amesafiri," akasema. "Akikuja, tutakuambia."

"Ni sawa. Niko nangoja."

Akaaga, akageuka, akaenda zake.

Jumatano mwalimu Térence, mkuu wa shule ya chekechea iliyo hatua mia mbili kutoka kwa Pélagie, alibisha hodi. Mpishi wake wa uji amehamia Juru, watoto wana njaa, anahitaji mtu kesho asubuhi.

"Ni wewe nilifikiri wa kwanza, Mama Gradi."

"Aksanti, mwalimu. Lakini niko na neno na batu ba Mbarara. Balisema bataniambia. Siwezi kukupa mukono leo, kisha kesho nikuache na watoto ba batu."

"Na wakikuambia hapana?"

"Nitakuya mbio."

"Mama, uji haungoji."

Sonia, aliyekuwa akisikiliza kutoka upande wa pili wa ua bila kujificha, akapiga kelele, "Mwalimu, muandike tu! Huyu anangoja bakubwa bake ba masikio mbili!" Lakini Pélagie hakuyumba. Térence akampa kazi hiyo Uwamahoro, mjane wa upande wa pili wa barabara, mwanamke mwadilifu ambaye hakumwibia mtu kitu.

Wengine husema Pélagie alikuwa mkaidi. Mimi nasema alitimiza sehemu yake ya mapatano, na mapatano yana pande mbili. Tumezoea kuwalaumu wanaotafuta kazi kwamba hawana uvumilivu, hali wanaowaita ndio wasio na adabu. Unamwita mtu, anapanda gari, anavaa nguo yake nzuri, anajibu maswali yako, kisha unamwacha akitazama simu kwa wiki tatu. Huo si wingi wa shughuli. Ni uvivu uliovaa tai.

Jumamosi Eriya alimsimulia mkewe, Kyomuhendo, kisa cha ajali kama kichekesho cha mezani. Kyomuhendo hakucheka. Akaacha kumega chakula.

"Na huyo mama sasa?"

"Alisema anangoja."

"Anangoja kitu gani, na Olivia anapika?"

Eriya akasogeza sahani yake pembeni.

"Mpigie."

"Namba ilikuwa kwa fomu. Fomu madam alitupa zote."

"Basi nenda. Si ulisema utarudi kwake?"

Jumapili, watu wakitoka kanisani, pikipiki ya Faizo iliingia kijijini ikiwa imejaa vumbi, na Eriya nyuma yake ameshika kofia. Hakukumbuka namba ya nyumba, lakini hakuihitaji. Alipomuuliza mtu wa kwanza kuhusu mama mpishi aliyengojea wakubwa, watu watano walinyoosha vidole pamoja, na wengine wakamsindikiza ili wasikose mambo.

Pélagie alikuwa akisonga bugali. Aliinua macho.

"Karibu, afande. Umechelewa siku tisa."

"Mama, mimi nataka kusema maneno nikiwa nimesimama—"

"Utasema ukiwa umekula. Kuku alikwisha. Kuko maharage."

Wakala. Faizo aliongezwa mara mbili. Anselme alimhakikishia mgeni kwamba kuku alikuwa mtamu sana, asiwe na wasiwasi juu ya hilo. Ndipo Eriya akaweka sahani chini, akavuta pumzi.

"Mama, kazi hukupata. Tulimpa mwingine. Tulimpa zamani, hata kabla ya Ijumaa. Ni mtoto wa dada ya madam. Jumatatu nilijua, nikakosa nguvu ya kukuambia."

Sonia alifunga mdomo kwa kiganja. Pélagie alitikisa kichwa polepole, kisha akapiga makofi mara moja, kama mtu anayefukuza vumbi mikononi.

"Aksanti. Sasa nimesikia. Na huyo mutoto anapika muzuri?"

Eriya alikuwa ameapa moyoni kusema kweli siku hiyo. "Wali anaunguza."

Watu wakacheka kwa nguvu, na Pélagie akacheka kuliko wote, machozi yakamtoka. Eriya alipokiri kwamba mkewe ndiye aliyemtuma, Pélagie akamfungia sombe kidogo ya kumpelekea, akisema kwamba huyo ndiye mkubwa wa kweli katika nyumba yao, ingawa hakuwa amemwona.

"Ni bamama ngapi balingoja sawa miye?" akauliza wakati wa kuagana.

"Watano pamoja na wewe."

"Bale bengine bane utabaambia?"

"Nitaenda kwao."

Alikwenda. Wawili aliwapata mtaa wa Ruti, mmoja Kakiika palepale, na wa nne alimtafuta siku tatu. Tangu hapo Lillian amemwachia kazi ya majibu, naye huyatoa jioni ileile ya usaili, kwa simu, bila mapambo: "Habari, mama. Hapa ni Eriya wa hosteli. Ni hapana. Asante kwa kuja." Lillian hulalamika kwamba anamaliza muda wa maongezi. Watu waliopata jibu hilo hawajalalamika.

Uwamahoro anapika uji shuleni hadi leo, na Pélagie bado anangojea harusi za kupikia. Kanuni yake ilimgharimu kazi iliyokuwa hatua mia mbili kutoka mlangoni pake. Aliikosa kwa siku nne.