Mwongozo Uliokwama Kwenye Mpangilio

Hadi leo nikisikia neno "mpangilio" mgongo huniuma. Miaka ile intaneti ilipoanza kupata kasi kidogo Machakos, tulikuwa waandishi wa programu watano, na kila Jumamosi tulikutana katika chumba cha nyuma cha saiba moja ya kulipia intaneti mjini. Tulikuwa tukipanga mwongozo wa Kiswahili wa kutengeneza gemu zinazochezwa ndani ya brauza, usomwe bure na yeyote anayetaka kujifunza.

Kupanga kulitumaliza. Kwetu mkutano haufungwi kabla kila mtu hajasema, na aliyesema haachwi mikono mitupu. Mtu wa sauti, aliyekuwa akitoka Mlolongo, akapewa sura ya sauti. Wa picha akapewa mbili kwa sababu alinuna. Mwenyekiti alitaka historia ya intaneti, na nani angemkatalia mwenyekiti? Tulianza kwa maombi, tukamaliza kwa kuongeza sura, na hakuna aliyeandika hata moja. Nilichoka mpaka chai yenyewe ikanipotezea ladha.

Aliyeumia ni mwalimu wa kompyuta kutoka Masii. Mkuu wake wa shule alikuwa amemwambia wazi: wasichana wa klabu yake waonyeshe gemu siku ya kufunga shule, la sivyo chumba chao kifanywe stoo ya mahindi. Shule haikuwa na intaneti, kwa hivyo alikuja na flashi abebe kurasa zetu. Kila mara alirudi na mpangilio mpya wa sura, bila ukurasa hata mmoja.

Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufungwa aliketi karibu na mlango, hata mandazi hakugusa.

"Mimi sitaki kitabu yote," alisema. "Nataka mpira itembee kwa skrini, igonge ukuta, irudi. Nipeni hiyo ukurasa moja niende."

"Haraka haraka haina baraka, mwalimu," mwenyekiti akamwambia kwa upole.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

Nilivuta kibodi nikaanza kumwandikia. Mwenyekiti akaniomba nisubiri kwanza, kwa kuwa hatukuwa tumekubaliana kama mpira ni wa sura ya picha au ya mwendo. Wa picha akasema ni wake. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Nilikasirika, kisha hata kukasirika kukanichosha, nikaiachia kibodi.

Mwishowe mwenyekiti akatangaza kwamba mwalimu amesikika. Tukapitisha kwa kauli moja sura mpya, ya shule zisizo na intaneti, na kwa heshima yake tukaiweka mwanzo kabisa, mbele ya historia. Tukampigia makofi. Akatushukuru mmoja mmoja, akachomoa flashi yake ikiwa tupu, akaenda Masii kuwaambia wasichana wahamishe viti.