Jina Langu Lilivyozama Ziwani

Nakumbuka siku moja redio ilinitaja miongoni mwa maiti, nami nikiwa mzima kabisa, nimeshiba. Cheka, mwanangu, lakini sikiliza.

Nilikuwa kibarua kwenye meli ya mizigo huko Kisumu. Jumamosi hiyo nilitaka kutazama mpira, nikamwomba rafiki yangu Mose, kijana wa Kedowa, asafiri kwa jina langu. Msimamizi alisoma majina tu, sura za watu hazikumhusu. "Sawa, lakini utaninunulia chai," Mose akasema.

Dhoruba ikaipiga ile meli katikati ya ziwa, ikazama na wote waliokuwemo. Hakupona hata mmoja.

Nilikimbilia kwetu Mogogosiek, nikakuta uani kumejaa watu wananililia. Weee! Vigelegele vilivyozuka hapo! Nikaeleza jinsi nilivyopona. Mama akaleta kibuyu cha mursik, yale maziwa tunayompokea nayo mtu aliyerudi salama. Nikanyoosha mkono. Baba akakifunika.

"Mama yake huyo kijana ameambiwa?"

"Bado. Anajua Mose yuko kazini."

"Basi mpaka sasa anamwekea chakula. Nenda ukamwambie kwa mdomo wako. Maziwa utayanywa ukirudi."

Nilimchukia baba siku hiyo, sikufichi. Nikaenda Kedowa. Mama Mose akanipokea kwa furaha. "Karibu! Mose amekutuma?" Nikamwambia yote, hata habari ya mpira. Alinipiga kifuani kwa ngumi, akalia mpaka sauti ikakauka. Kisha akasema, "Ungenyamaza, ningemngoja mpaka nife."

Nilimlimia mahindi yake kila msimu hadi tulipomzika. Alikuwa ananiita mwanangu, kama ninavyokuita wewe.

Sasa nasikia huko chuoni unamsainia mwenzako rejista. Ati ni kitu kidogo! Hata changu kilikuwa kidogo, cha dakika tisini za mpira. Acha leo. Mahali jina lako lilipoandikwa, uwepo wewe mwenyewe. Na ukikosea, usingoje redio ikusemee. Nenda kwa yule uliyemkosea, umweleze yote, hata ile sehemu inayokuaibisha. Utatetemeka. Nenda tu.

Mungu akulinde barabarani na majini, mwanangu, na kila ukirudi nyumbani ukute kibuyu kimefunuliwa, nawe unaweza kunywa bila kuinamisha macho.